Baba Akinyamaza Usingizini

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja ya ajabu, na hakuna aliyeiona kuwa ya ajabu mpaka mwaka jana. Baba akiwa amelala anakoroma, tuliruhusiwa kufanya lolote: kutwanga, kugombana, kufungua redio, kukimbiza kuku ndani ya nyumba. Lakini akinyamaza, mama aliinua mkono juu na sisi wote tuliganda pale pale. "Shh! Sasa amelala." Kwa mama kukoroma kulikuwa ni safari tu ya kuelekea usingizini, na kimya ndiko kufika. Basi tulisimama vile, mwingine na mchi hewani, mpaka baba ashtuke kwa mguno mkubwa na kuanza tena. Hapo mama alishusha mkono. "Haya, ametoka tena," alisema, nasi tukaendelea na kelele zetu.

Sisi asili yetu ni Tlawi, huko juu kwenye baridi, ambako kila mtu ana shamba lake dogo la mahindi na maharage na ng'ombe wawili watatu. Baba aliteremka tambarare za Hanang nikiwa bado nabebwa mgongoni, wakati mashamba ya ngano ya serikali yalipotafuta watu. Alianza kwa kubeba magunia, akawa mtu wa kutia grisi, halafu akafika kwenye usukani wa trekta. Tangu hapo alinenepa. Kila tulipopanda kwenda kusalimia, bibi alimshika shingo kama anavyoshika ndama wa mnada na kusema, "Serikali inakulisha, mwanangu!" Baba alicheka kwa furaha. Kola ya shati lake ilikuwa haifungi tena, na alipenda kuwaambia watu kwamba hiyo ndiyo alama ya dereva.

Nyumba za kambi ya wafanyakazi zimejengwa mbilimbili, zinaegemeana, na ukuta wa katikati haufiki kwenye bati. Kwa hiyo usingizi wa baba ulikuwa mali ya familia mbili. Jirani yetu, mama mmoja mcheshi mwenye sauti kubwa, hakuacha jambo hilo lipite.

"Mama, hebu mwambie mzee apunguze gia," alimwambia mama yangu bombani, mbele ya foleni nzima ya ndoo. "Jana nimeamka nikafunga mzigo wangu, nikifikiri lori la Katesh limefika."

"Sasa ulitaka akorome kama paka?" mama alimjibu. "Mwanamume akikoroma ujue ameshiba."

"Ameshiba? Huyo amemeza trekta!"

Wanawake walicheka mpaka maji yakamwagika. Mama naye alicheka. Mimi nilitazama mlima Hanang kana kwamba kuna mtu kule juu ananiita. Mimi ni mtu wa aibu, niseme tu ukweli. Mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, jibu linaishia shingoni. Ndiyo maana nina daftari. Vitu ninavyoshindwa kuvisema huwa naviandika, na jioni ya siku ile niliandika: "Leo bombani nilitamani niwe mtoto wa nyumba nyingine."

Hayo yote yalikuwa mwezi wa pili. Nilitakiwa niwe shuleni, kidato cha pili, lakini pampu ya maji ya shule iliharibika na wote tukarudishwa nyumbani mpaka itengenezwe. Nilikaa karibu wiki sita. Ulikuwa msimu wa kupanda, na msimu wa kupanda matrekta hayalali. Yanabadilisha madereva tu. Baba alikuwa zamu ya usiku. Alirudi asubuhi akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, akanywa chai, akalala mpaka saa tisa alasiri. Kabla ya hapo sikuwahi kumwona baba akilala mchana kweupe siku nyingi mfululizo.

Siku moja mama alikwenda kuchota maji, na mimi nilikaa mlangoni pa chumba nikichambua maharage tuliyoletewa na shangazi kutoka Maretadu. Yale mabovu natupa, mazuri nadondosha kwenye sufuria. Baba alikuwa chali kitandani, anakoroma. Akanyamaza. Mkono wangu ulitaka kuganda, kwa mazoea, halafu nikakumbuka mama hayupo. Nikaendelea kudondosha. Tik. Tik. Tik. Nikajikuta nahesabu. Nilipofika kumi na tano niliinua kichwa, kwa sababu niliona kitu ambacho sheria yetu ya kuganda haikuniruhusu kukiona: tumbo la baba lilikuwa linapanda na kushuka kwa nguvu, kifua kinavutwa ndani, lakini mdomoni na puani hakukuwa na kitu. Ni kama mtu anasukuma mlango uliofungwa kwa ndani. Kumi na nane. Ishirini na moja. Midomo yake ilianza kuwa na rangi mbaya. Harage la ishirini na sita lilipodondoka, mwili wote ulishtuka, akavuta hewa kwa sauti ya ng'ombe anayetolewa kwenye tope, akalamba midomo, akaendelea kukoroma. Hakufungua hata macho.

Nikaiweka sufuria chini.

Mama aliporudi nilimwambia. Nilisema vibaya, kwa haraka, kama kawaida yangu. "Mama, baba hapumui akinyamaza."

"Asingepumua angekuwa hai?" mama aliuliza, akitua ndoo. "Miaka yote hii nalala naye, wewe umekuja juzi. Hapo ndipo anapumzika, mwanangu. Muache."

Nilimwacha, lakini sikuacha kuhesabu. Kila mchana nilijifanya nina kazi pale mlangoni. Kama si maharage, ni kushona kifungo, kama si kifungo, ni kusoma. Kwenye daftari niliweka mistari: siku, alivyolala, harage ngapi. Nikagundua akilala ubavu, kimya kinakuwa kifupi au hakipo kabisa. Akilala chali, kinarudi. Siku moja kilifika thelathini na tisa. Na nilipoanza kumtazama hivyo, nikaona na mengine ambayo yalikuwa pale siku zote tukiyaita tabia ya baba. Akiamka alishika kichwa kwa mikono miwili na kusema kinagonga. Mdomo wake ulikuwa mkavu, anakunywa kopo zima la maji bila kushusha. Analala saa saba, nane, na anaamka amechoka kuliko alivyolala. Alikuwa anasinzia ibadani, sawa, wako wengi wanaosinzia ibadani, lakini baba alisinzia akiwa amesimama kwenye wimbo. Alisinzia akipokea shikamoo: mtu anamwamkia, anaitikia "Mara..." na hamalizi. Mara moja alisinzia na tonge la ugali mkononi, likiwa njiani. Sisi tulicheka, na yeye alipozinduka akacheka nasi. Sasa nikitazama kwenye daftari naona siku ile niliandika "tulicheka" nikaifuta, nikaandika tena "tulicheka," kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Halafu ngano ikaota.

Kwa asiyejua, kazi ya dereva wa kupanda haionekani siku anayoifanya. Trekta inavuta mashine ya kupandia, ile yenye mirija mingi, na nyuma yake unabaki udongo mtupu. Ukipinda, ukinyooka, udongo haukusemi. Unakaa kimya na siri yako siku saba, nane, mpaka mvua inapokolea na majani yanachomoza, na hapo kila mmoja kambini anatoka kwenda kusoma. Ndiyo wanavyosema, kusoma shamba. Madereva hupita kingoni wakichekana: huyu alikuwa anawaza mke, huyu alikuwa anawasha sigara. Mistari ya baba ilikuwa inasifiwa miaka yote. Watu walisema ukitaka kujua uzi ulionyooka, nenda kwenye kipande cha yule mzee wa Tlawi.

Asubuhi ile mimi na mama tulikuwa ukingoni mwa shamba tukichuma mchicha wa porini. Tulimwona msimamizi wa zamu amesimama na madereva, na baba katikati. Mbele yao kijani kilikwenda sawasawa kama kitambaa cha darizi, halafu kikapinda kushoto taratibu, taratibu, kikavamia mstari wa jirani, halafu kikarudi ghafla kwa kona kali. Hatua kama mia mbele yake, tena hivyo hivyo. Na tena. Katikati palibaki madoa ya udongo mtupu ambayo mbegu haikufika.

"Mzee," msimamizi aliita, "hii ni ngano au ni nyoka?"

"Ni ngano, bwana," baba alijibu.

"Ulikuwa umekunywa nini?"

"Chai."

"Chai ya wapi hiyo? Na sisi tuelekeze tukanywe."

Walicheka. Baba hakucheka. Yeye ni mzee wa kanisa, pombe hajaigusa tangu abatizwe, na kila mtu pale alilijua hilo, na bado walicheka. Msimamizi akasema Jumatatu aende ofisini kwa meneja, akajieleze.

Nyumbani baba alikaa kwenye kiti bila kuvua buti. "Wakiandika kwamba nililewa, wananishusha kwenye trekta," alisema. "Narudi kwenye magunia. Na magunia si kitu, nimebeba magunia. Lakini nirudi Tlawi nikiitwa mlevi?" Mama alikaa karibu naye. Alimwuliza kama alijua kwamba alilala. Baba akatikisa kichwa. "Sijui," alisema. "Nilikuwa naona taa zinavyomulika mbele, sikuona kama nimefumba macho. Labda wana haki, mama watoto. Sijui kinachonipata."

Sikuwahi kumsikia baba akisema sijui mara mbili katika maneno machache hivyo. Nikaenda kuchukua daftari. Nilimpa tu mama likiwa limefunguliwa kwenye ule ukurasa wa mistari, nikatoka nje nikasimama nyuma ya banda la kuku kana kwamba nimeiba.

Mama husoma polepole, kidole chini ya neno. Siku ile alinirudishia daftari tu. Lakini kesho yake mchana, baba alipolala, aliwafukuza wadogo zangu wakacheze nje, akaleta ungo wa maharage, akaketi nami mlangoni. Baba alikoroma, akanyamaza. Mkono wa mama ukapanda juu wenyewe.

"Mama," nilinong'ona, "tazama tumbo."

Akatazama. Mkono ukabaki hewani lakini uso ukabadilika. Nilikuwa nadondosha maharage, na nilimsikia akihesabu nami kwa midomo. Ilipofika thelathini hakusubiri. Aliruka ungo ukapinduka, akampiga baba kofi la paja.

"Baba watoto! Pumua!"

Baba aliketi ghafla. "Kuna moto?"

"Hakuna moto. Ulikuwa hupumui!"

"Nilikuwa nimelala, mwanamke."

"Ndiyo hivyo! Ulikuwa umelala na ulikuwa hupumui!" Mama alianza kulia na kucheka pamoja, akiokota maharage. "Na mimi ndiye ninayewaambia watoto wanyamaze. Miaka yote hii. Wanyamaze baba yenu amepumzika."

Kila Alhamisi daktari wa hospitali ya misheni alishuka na wauguzi wake kuja zahanati ya kambi kupima watoto. Alhamisi ile baba alikuwa mwanamume pekee kwenye foleni, kofia mkononi, katikati ya akina mama na vichanga vyao. Jirani yetu alikuwa pale na mjukuu.

"Mzee, na wewe unakuja kuning'inizwa kwenye mzani?"

"Kamba itakatika," baba alisema.

"Itakatika kweli. Ngoja wangu apimwe kwanza."

Nilifurahi kwamba aliweza kumjibu. Tangu siku ya shamba alikuwa hajatania na mtu.

Daktari alikuwa mtu mzima, mwembamba, anayeongea taratibu. Sisi tulimwamkia, na baba pia, ingawa sijui nani kati yao alikuwa mkubwa. Baba alieleza habari ya kusinzia. Daktari akamtazama macho, ulimi, kucha, akapima msukumo wa damu, akasema uko juu kuliko anavyopenda. Akamwomba afungue mdomo, akamulika koo kwa tochi muda mrefu. Halafu akamshika shingo. Nilimkumbuka bibi, lakini daktari hakusifu.

"Unakoroma?"

"Wanasema."

"Wanasema!" jirani yetu alidakia kutoka mlangoni, na muuguzi akafunga mlango.

"Ukilala, pumzi inakatika?"

"Daktari, mimi nikilala nitajionaje?"

"Basi nani amekuona?"

Baba akamtazama mama. Mama akanitazama mimi. Nilikuwa na daftari kifuani nimelikumbatia, na nilitakiwa kusoma. Nilifungua kinywa. Kama shuleni vile, maneno yakaishia shingoni. Nilisoma siku ya kwanza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Daktari alinyoosha mkono kwa upole, akasema, "Lete nisome mwenyewe, binti," nikampa kabla sijafikiri.

Alisoma kwa sauti. Harage kumi na tisa. Harage ishirini na sita, chali. Ubavu, hakuna. Aliuliza ninadondosha kwa kasi gani, nikamwonyesha kwa kidole mezani, akatazama saa yake na kutikisa kichwa. Akafunua ukurasa mwingine ili aone kama kuna zaidi, na akaendelea kusoma kwa sauti ile ile ya taratibu, "Leo bombani nilitamani niwe mtoto wa nyumba nyingine. Kila mtu anamcheka baba na mimi nilishindwa hata..." Akafunga daftari.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilitazama miguu yangu, nikatazama miguu ya meza. Halafu baba akakohoa kidogo, akasema, kwa daktari, si kwangu, "Ni kweli wanacheka. Hata mimi ningetamani."

Ni hilo tu. Hakulitaja tena mpaka leo. Mkono wake ulikuja ukakaa mgongoni kwangu, mzito, na ulibaki pale wakati wote daktari alipokuwa anaeleza.

Alisema ni ugonjwa, na watu wengi wanao bila kujua kwa sababu unakuja wakiwa wamelala. Koo lina nyama laini. Mtu akilala chali, hasa akiwa mnene shingoni, nyama zile zinalegea na kuziba njia. Mwili unahangaika kuvuta hewa, mwishowe unajiamsha kidogo tu, kiasi cha kufungua njia, halafu unalala tena. Mara nyingi, nyingi sana kwa kulala kumoja. "Kwa hiyo unalala saa nane," alimwambia baba, "lakini hujalala. Ndiyo maana kichwa kinauma. Ndiyo maana unasinzia kwenye trekta. Si pombe, si uvivu." Alimwuliza mama kama anaelewa kwamba kile kimya sicho kupumzika. Mama alisema anaelewa sana.

Dawa ya kumeza hakuna, alisema. Nchi za mbali wameanza kutengeneza mashine ya kusukuma hewa puani, lakini hapa hatunayo. Baba apunguze mwili. Alale ubavu, na kwa kuwa mtu hajiongozi usingizini, ashonewe mpira mdogo mgongoni mwa fulana, akigeuka chali umuumize. Na asiendeshe trekta peke yake, wala usiku, mpaka atakapomwona tena. Akaandika barua kwa meneja.

Mpira mdogo hatukuwa nao. Mama alichukua gunzi la mahindi, akalizungushia kitambaa, akalishona kwenye fulana ya baba kati ya mabega. Mara ya kwanza baba alipolala nalo tulisikia, "Aah! Nani kaniwekea jiwe?" na mama akajibu kutoka jikoni, "Geuka!" Alikoroma, ndiyo, lakini alikoroma akienda mbele.

Jumatatu tulikwenda ofisini wote watatu, mimi na daftari langu, kwa kuwa barua ilisema kuna kumbukumbu zilizoandikwa na mtoto. Tulifika saa mbili. Meneja alikuwa na wageni wa kampuni ya matrekta, tukaambiwa tusubiri barazani. Kuna benchi ndefu pale yenye mgongo wa kulegea. Msimamizi wa zamu naye alikuja, akakaa upande wa pili na faili lake. Baba alimpa barua asome. Akaisoma, akamrudishia.

"Kukoroma nako ni ugonjwa?" alisema. "Basi shamba zima tuna wagonjwa. Mimi mwenyewe nilazwe."

Baba aliikunja barua. Jua lilianza kupanda. Saa tatu. Saa nne. Mimi niliona kope zake zinavyoshuka, nikataka kumgusa, nikaona aibu mbele ya watu. Kichwa kikaangukia nyuma kwenye mgongo wa benchi, mdomo wazi. Akakoroma, pale pale, mlangoni pa meneja, siku anayotakiwa kujieleza kwa nini alisinzia.

Msimamizi alitoa kicheko kifupi puani. "Si mnaona?"

Mama aliniangalia. Niliona anataka kumwamsha. Halafu hakumwamsha. Baba alinyamaza, na mama akamwambia msimamizi, kwa adabu kabisa, "Bwana, una saa. Tafadhali hesabu."

"Nihesabu nini?"

"Hesabu tu."

Nadhani alitazama saa kwa sababu tu mama alisema kwa adabu. Sekunde kumi, aliendelea kutabasamu. Ishirini, tabasamu likakaa mahali pake lakini macho yakaenda kwenye tumbo la baba, lile tumbo linalosukuma mlango. Karani alichungulia dirishani. Thelathini. Midomo ya baba ilikuwa inageuka rangi. Msimamizi akasimama, faili likaanguka, karatasi zikatawanyika barazani. "Mzee! Mzee, wewe! Jamani, huyu mtu anakufa!" Akamshika mabega akamtikisa kama gunia tupu. Baba alivuta hewa kwa ile sauti yake na kufumbua macho, na kitu cha kwanza alichoona ni uso wa msimamizi, karibu kabisa na wake.

"Samahani, bwana," baba alisema. "Nimechelewa zamu?"

Meneja alikuwa ametoka kwa ajili ya makelele. Alisoma barua amesimama. Aliomba daftari, na mama alikuwa ameshalibana kwa uzi lifunguke kwenye kurasa za maharage tu. Alimwuliza msimamizi maoni yake, na msimamizi, ambaye alikuwa bado anaokota karatasi, alisema bila kutazama mtu, "Mimi nilidhani ni pombe. Si pombe."

Basi haikuandikwa pombe. Baba alipelekwa karakana hadi daktari atakaposema vingine, akiwa bado dereva kwa cheo. Vile vipande vilivyopinda vilipandwa upya na mtu mwingine, na baba alikwenda mwenyewe kumshukuru. Alianza kutembea kwa miguu mpaka Mogitu na kurudi kila Jumapili baada ya ibada, badala ya kupanda lori, na mama alipunguza ukubwa wa ugali, jambo lililoleta maneno mengi mezani kuliko ugonjwa wenyewe. Pampu ya shule ilipona, nikarudi shuleni. Niliacha sufuria mlangoni na maagizo kwa mdogo wangu.

Mwezi wa tano daktari alimwona tena. Siwezi kusema amepona. Anakoroma, na fulana yenye gunzi imeshonwa upya mara mbili. Lakini kola imeanza kukaribiana na kifungo, na kichwa hakigongi tena asubuhi zote. Daktari alimruhusu kuendesha mchana, akiwa na mwenzake.

Nilipofunga shule ilikuwa mavuno. Mama alinituma na chakula shambani. Baba alizima kombaini, ile mashine ya kuvunia, akashuka ngazi na mwenzake, tukakaa kwenye kivuli cha mashine, makapi yakipepea na kutuingia nywelini. Alikula yote. Halafu akaanza kunisimulia siku alipoteremka kutoka Tlawi kwa mara ya kwanza na kuona tambarare: alidhani ngano ni majani ya malisho, akamwuliza mtu ng'ombe wa kula yote haya wako wapi. Yule mtu akamwonyesha trekta, akamwambia, ng'ombe ni huyo, nenda kamkamue. Baba alikwenda kweli, na kopo, akamkuta fundi yuko chini yake anamwaga mafuta machafu. Nilicheka mpaka nikakohoa makapi. Sikuwahi kuisikia hadithi ile. Alikuwa na nyingine baada ya hiyo, na nyingine, na zote alizimaliza. Mwenzake ndiye aliyemgusa bega na kumwambia muda umekwisha. Baba akanirudishia bakuli, akapangusa mikono kwenye suruali, akapanda ngazi.

"Msalimie mama," aliniambia kutoka juu. "Mwambie ugali ulikuwa mdogo."